"Miction" kwenye fishi ya hospitali: neno hilo linasema nini, na nini halisemi

Hapa Kongo, mwenye kupokea fishi yake (karatasi ya mgonjwa) hospitalini, iwe Goma, Bukavu au Lubumbashi, hukuta humo mstari kama huu: "mictions 12 x/j, brûlures, jet faible; diurèse 1,5 l" ("x/j" ni mara kwa siku, "brûlures" ni kuchoma, "jet faible" ni mkondo dhaifu, "1,5 l" ni lita moja na nusu). Wengi huona habari ya mkojo imerudiwa mara mbili, wanakunja karatasi. Kumbe "mictions" na "diurèse" ni habari za viungo viwili tofauti. La kwanza ni la kibofu, la pili ni la figo. Anayeyachanganya anaweza kumnywesha maji mtu ambaye kibofu chake kimejaa pomoni, au kumngojea mgonjwa akojoe wakati ndani hamna hata tone.

Neno "miction", ambalo hapa tutaliandika miksio, limetoka Kilatini likapitia Kifaransa. Maana yake ni tendo la kukojoa: kibofu kinajikamua, mkojo unatoka nje. Ndiyo maana daktari hasemi kwamba miksio ni nyekundu au inanuka. Rangi na harufu ni za mkojo. Husema miksio ni nyingi, inachoma, inachelewa kuanza, inakatikakatika, au haimalizi. Kwa Kiswahili sanifu ukisema "ukojoaji" umelifikia. Diureze, kwa upande wake, ni kiasi cha mkojo ambacho figo zinatengeneza kwa saa au kwa siku. Mama aliyetoka kupasuliwa na bado ana sonda, yaani mpira wa kutolea mkojo kwenye kibofu, anaweza kuandikiwa diureze ya ml 1,800 na miksio sifuri, wala hakuna kosa: figo zinafanya kazi, kibofu kinapumzishwa. Sonda ikishatolewa, muuguzi hungojea aandike "miction spontanée", yaani mama amekojoa mwenyewe bila msaada. Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida: ndani ya saa 6 baada ya kuzaa inapaswa iandikwe kwamba amekojoa. Kumruhusu arudi nyumbani bila mstari huo ni kumwachia hatari, kwa sababu kibofu kilichobanwa na kichwa cha mtoto kwa saa nyingi kinaweza kupoteza hisia na kujaa bila mwenyewe kujua.

Tendo lenyewe linavyokwenda

Figo mbili hudondosha mkojo usiku na mchana kupitia mirija miwili, kila mmoja una urefu wa sentimita 25 hadi 30. Kibofu cha mtu mzima hupokea polepole. Ishara ya kwanza huja kikifika karibu ml 150 hadi 250, na kati ya ml 300 na 500 mtu hutafuta choo. Muda wote huo wa kujaa, msuli wa kibofu umelegea, na vifungio viwili vilivyo chini yake vimebana. Cha ndani hakitii amri ya mtu. Cha nje kinatii. Saa ya miksio mambo hugeuka. Kituo kilichoko kwenye shina la ubongo, ambacho Barrington wa Uingereza alikionyesha kwa paka mwaka 1925, hutoa ruhusa. Neva zinazotoka chini ya mgongo, zile ziitwazo S2 hadi S4, huamuru kibofu kijikamue, na wakati huohuo vifungio hulegea.

Shida kubwa huanza pale amri hizo mbili zinapopishana. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, kwa risasi au kwa kuanguka, kibofu kinaweza kukamua huku kifungio kikibana. Shinikizo linapanda, mkojo unaweza kurudi juu kuelekea figo, na figo zinaharibika bila kelele. Ndugu wanaomuuguza nyumbani huona nguo imelowa wakadhani anakojoa vizuri. Mtu huyo anahitaji kufundishwa, yeye au mke wake, kuingiza sonda safi kila saa 4 hadi 6, kuitoa kibofu kikishakuwa kitupu, na kutongojea hadi amejaa.

Miksio ya mtu mzima huanza ndani ya sekunde chache, bila kusukuma kwa tumbo, hutoka kwa mkondo mmoja, na kibofu hubaki karibu kitupu, chini ya ml 50. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani wakiongozwa na David Hu walipima wanyama wa aina nyingi, wakakuta kwamba wale wenye uzito unaopita kilo 3, hadi tembo, humaliza kukojoa kwa wastani wa takriban sekunde 21. Baba mzee anayesimama chooni dakika mbili akingojea matone ana sababu nzuri ya kwenda kupimwa. Akipimwa kwa kifaa cha kasi, chini ya ml 10 kwa sekunde huamsha shaka ya kizuizi. Ml 15 na zaidi kwa kawaida ni nzuri. Eko (ultrasaundi) ya kibofu hufanywa mara mbili, kabla na baada ya miksio, na ndiyo maana unaambiwa unywe maji kwanza kisha ukakojoe na kurudi. Ukibaki na zaidi ya ml 100 ndani, kibofu hakimalizi kazi yake.

Neno linalowadanganya hata waganga

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu madhara yake ni ya kweli. Katika Kifaransa cha hospitali zetu, "dysurie" ni mkojo kutoka kwa shida: unangoja, unasukuma, mkondo ni mwembamba. Maumivu ya kuchoma yana jina lake la pekee, "brûlures mictionnelles". Lakini waliosoma tiba kwa Kiingereza wakiandika neno lilelile la disuria wanamaanisha maumivu. Goma iko mpakani. Mgonjwa hutibiwa Kampala au Nairobi akarudi na karatasi, na mashirika ya misaada huleta madaktari kutoka pande zote. Baba mwenye prostati (tezi dume) kubwa anaweza kuandikiwa antibiotiki kwa neno moja, na msichana anayechomwa akatafutiwa kizuizi ambacho hana. Kwa hiyo ukiwa mgonjwa usipeleke neno la kitaalamu, peleka maelezo: "inatoka kwa shida lakini haichome", au "inachoma lakini inatoka vizuri".

Sema pia inachoma saa ngapi. Kuchoma tangu mwanzo wa miksio huelekeza kwenye njia ya mkojo, ile inayotoka kwenye kibofu hadi nje, na kwa mwanaume mwenye usaha daktari hufikiria kwanza kisonono na klamidia, ambapo mwenzi wake naye lazima atibiwe. Kuchoma au kukamata kunakozidi mwishoni huelekeza kwenye kibofu. Homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni huonyesha kwamba shida imefika kwenye figo, na hapo dawa za kujinunulia farmasi hazifai hata kidogo. Katika miji yetu kila kuchoma huitwa "infeksio" na kila infeksio hupewa vidonge vya siprofloksasini. Tabia hiyo imezifundisha bakteria kuzoea dawa, na inaficha magonjwa mengine.

Mara nyingi, au kingi?

Mtu akisema "ninakojoa sana" amesema mambo mawili. Anaweza kwenda mara nyingi akitoa kidogokidogo, ml 50 au 80 kila mara: hiyo ni polakiuria, na chanzo hutafutwa kwenye kibofu, prostati, ujauzito au maambukizi. Anaweza pia kwenda mara nyingi akitoa kingi kila mara, hadi jumla ikapita lita 3 kwa siku: hiyo ni poliuria, na kipimo cha kwanza ni sukari ya damu. Mtu mwenye kisukari kisichojulikana anayetibiwa "infeksio" kwa wiki tatu huku akikonda na kuwa na kiu anapoteza muda ambao huenda hana. Kwa kawaida mtu mzima hukojoa hadi mara 7 au 8 kati ya kuamka na kulala.

Njia ya kumaliza ubishi ni daftari la miksio, kwa Kifaransa "calendrier mictionnel". Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, ikate shingo, weka alama za ml 100 kwa kutumia sirinji au chupa ndogo unayojua ujazo wake. Kwa siku 3, kila ukikojoa andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa, bia na chai zikiwemo, na kama ulilowa kabla ya kufika chooni. Makosa ni yaleyale siku zote: kukisia badala ya kupima, kusahau mikojo ya usiku, na kujinyima maji siku za kupima ili namba zionekane nzuri. Ule wa asubuhi unapoamka huhesabiwa pamoja na kiasi cha usiku, kwa sababu figo ziliutengeneza ukiwa umelala.

"Mikojo haitoke"

Sentensi hii ndiyo nzito kuliko zote kwenye mapokezi, nayo ina maana mbili zinazotaka matibabu yanayopingana.

Maana ya kwanza: mkojo upo, miksio haiwezekani. Kifaransa husema "rétention". Figo zinatengeneza, kibofu kinajaa, mlango umefungwa. Chini ya kitovu unaona uvimbe wa mviringo. Ukiugongagonga kwa kidole unatoa sauti nzito, na mgonjwa anaumia hata hawezi kukaa kitako. Kwa wazee wa kiume chanzo cha kawaida ni prostati. Kwa vijana ni njia ya mkojo iliyosinyaa baada ya kisonono cha zamani au jeraha. Kuna pia haja kubwa iliyoganda, na dawa: prometazini ya mafua na mzio, au amitriptilini, zinaweza kumfunga kabisa mzee ambaye tayari alikuwa anasukuma.

Kumpa mtu huyu maji mengi, chai ya majani au sindano ya furosemidi "ili akojoe" ni kumuongezea mateso, maana kila kinachoongeza diureze kinaongeza mzigo juu ya mlango uliofungwa. Anachohitaji ni sonda. Kwa mwanaume mzima huchukuliwa sonda ya Foley namba 14 au 16, jeli ya kutosha inaingizwa ndani ya njia na kupewa dakika chache, kisha sonda inasukumwa taratibu hadi mwisho wake. Puto hujazwa maji safi ya sindano ml 10 baada tu ya mkojo kuonekana unatiririka. Kujaza puto mapema, sonda ikiwa bado njiani, kunapasua njia na kumletea mgonjwa usinyaaji wa maisha. Na kama ni majeruhi wa ajali ya pikipiki, nyonga imevunjika na damu inaonekana kwenye tundu la uume, hakuna sonda inayoingizwa pale. Mpasuaji hupitia juu, kwenye tumbo la chini. Baada ya kibofu kumwagwa, muuguzi anaandika kiasi kilichotoka na kuendelea kupima kila saa. Mtu aliyefungwa kwa muda mrefu anaweza kuanza kutoa zaidi ya ml 200 kwa saa, na bila kurudishiwa maji na chumvi huishia kuzimia.

Ipo pia rétention isiyo na maumivu, ile ya polepole. Kibofu kimevutwa kwa miezi, kinabeba lita nzima, na kinachozidi kinadondoka chenyewe. Familia inasema "Papa anajikojolea", wananunua pampasi. Mkono mmoja juu ya tumbo lake ungewaonyesha ukweli.

Maana ya pili: kibofu ni kitupu. Hiyo ni oliguria ikiwa chini ya ml 400 kwa siku kwa mtu mzima, na anuria ikiwa chini ya ml 100. Tumbo la chini ni laini, hakuna uvimbe, na sonda ikiingizwa haitoi kitu. Mara nyingi mwili umekauka au umepoteza damu. Goma inalijua jambo hili tangu Julai 1994, kipindupindu kilipoingia kwenye kambi za wakimbizi, na ugonjwa huo haujaacha kurudi kandokando ya ziwa. Mgonjwa aliyekauka sana, mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea, hupewa Ringer lakteti, maji ya kutundikwa mshipani, ml 100 kwa kila kilo: ml 30 kwa kilo katika nusu saa ya kwanza, ml 70 kwa kilo katika saa 2 na nusu zinazofuata. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni lita 6 ndani ya saa 3, kiasi ambacho humshangaza anayekiona kwa mara ya kwanza. Mkojo ukirudi, walau ml 30 kwa saa kwa mtu huyo, ni dalili njema. Furosemidi hapa pia ni kosa, kwani figo hazijalala, zimekosa maji ya kuchuja.

Kuna kesi inayoponyoka katikati. Saratani ya shingo ya kizazi ikikomaa inaweza kubana mirija yote miwili inayotoka kwenye figo. Mkojo unatengenezwa lakini haufiki kwenye kibofu. Kibofu ni kitupu ingawa kizuizi kipo. Eko huonyesha figo zilizovimba kwa maji. Mama mwenye damu isiyo ya kawaida ukeni na mikojo inayopungua lazima apigwe eko hiyo siku hiyohiyo.

Kuvuja si miksio

Mwanamke aliyepata fistula baada ya uchungu wa siku mbili au tatu hulowa usiku na mchana. Kichwa cha mtoto kilibana kibofu dhidi ya mfupa hadi nyama ikakosa damu na kufa, na siku chache baadaye tundu kati ya kibofu na uke likafunguka. Mkojo unatoka, miksio haipo: kibofu hakijai, hakijikamui, hakina ishara. Daktari makini, akimwona mama anayelowa, humuuliza kwanza: "Mama, bado unaenda choo kukojoa?" Akijibu kwamba hakojoi tena kabisa, tundu la kibofu huenda ni kubwa. Akijibu kwamba anakojoa kama kawaida na bado analowa wakati wote, tundu linaweza kuwa dogo, au mrija wa kutoka kwenye figo ulijeruhiwa wakati wa operesheni ya kumtoa mtoto au kuondoa kizazi. Na yule anayelowa tu akikohoa, akicheka au akibeba dumu mara nyingi hana fistula; vifungio vyake vimelegea.

Uthibitisho hauhitaji mashine ya bei. Vipande vitatu vya pamba hupangwa ukeni, kimoja juu ya kingine, kisha maji yenye rangi ya buluu huingizwa kwenye kibofu kupitia sonda. Pamba ya katikati ikigeuka buluu, tundu ni la kibofu. Ile ya juu ikilowa bila rangi, mkojo unatoka kwenye mrija wa figo. Ikiwa ya chini peke yake ndiyo ya buluu, huenda umevuja kwenye njia ya mkojo yenyewe.

Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, ambaye alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, na HEAL Africa ya Goma, zote hushona fistula. Baada ya kushona, sonda hukaa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 siku 7 hadi 10 kwa fistula isiyo na utata. Katika siku hizo adui ni sonda iliyoziba au kupindika chini ya paja: kibofu kinajaa, shinikizo linafungua nyuzi. Mama anywe maji hadi mkojo uwe karibu mweupe, na mfuko uwe chini ya kitanda kila wakati. Wengi wenye fistula hujinyima maji ili wasilowe. Mkojo unakuwa mkali, harufu inaongezeka na ngozi inaungua. Na tundu dogo likigunduliwa siku za mwanzo kabisa, sonda pekee kwa wiki 4 hadi 6 inaweza kulifunga. Ndiyo maana aliyelowa baada ya kuzaa asingojee arobaini.

Mwanzo, katikati, mwisho

Labo nayo inagawa miksio vipande. Kwa kutafuta bakteria huchukuliwa mkojo wa katikati. Kaa saa 3 au 4 bila kukojoa, nawa mikono, osha sehemu za siri kwa maji na sabuni kisha suuza. Mwanamke afungue mashavu ya uke kwa vidole, mwanaume arudishe ngozi nyuma. Mkondo wa kwanza uende chooni, kisha bila kukata pokea ml 20 hadi 30 kwenye kikopo kisafi cha labo bila kugusa ndani yake, na unaobaki uende chooni. Ufike labo ndani ya saa 2. Ukikaa zaidi nje ya friji, bakteria wachache wanakuwa maelfu na jibu linakuwa la uongo. Kikopo cha mayonezi kilichooshwa nyumbani hakifai.

Bilharzia ya kibofu, ile inayopatikana Katanga, inataka kinyume chake: mkojo wa mwisho, matone ya kumalizia, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai hutoka kwa wingi. Damu yake nayo huonekana mwishoni mwa miksio. Damu ya mwanzo peke yake huelekeza kwenye njia ya mkojo. Ya tangu mwanzo hadi mwisho hutoka kwenye kibofu au figo. Rangi ya chungwa kwa anayemeza rifampisini ya kifua kikuu ni ya dawa na haina neno. Mkojo mweusi kama kahawa kwa mwenye malaria ni dharura.

Kwa mtoto mchanga, miksio ya kwanza hutarajiwa ndani ya saa 24. Zikipita 48 bila kitu, apelekwe hospitali. Anayenyonya vizuri, kuanzia siku ya tano, hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Ujazo wa kibofu cha mtoto mkubwa kidogo hukadiriwa kwa kuongeza 1 kwenye miaka yake na kuzidisha kwa ml 30, hivyo wa miaka 4 hubeba karibu ml 150, na kukojoa kitandani kabla ya miaka 5 hakuitwi ugonjwa. Kwa mtoto wa kiume, mama atazame mkondo wenyewe anapombadilisha nepi. Ukiwa unadondoka tu kila mara, huku tumbo la chini likiwa gumu, huenda kuna ngozi nyembamba ndani ya njia inayoziba mkojo. Nepi zitalowa kama kawaida, ila figo zake zinabanwa, na eko pamoja na sonda ndogo havifai kungoja miadi ya wiki ijayo.